Mlango Uliotangulia Nyumba

Wapendwa, funikeni vitabu vyenu kidogo. Neno tumelisoma, wimbo tumeuimba, na wale walioacha sufuria jikoni nawaombea isiungue. Leo nataka niwatembeze kwenye nyumba moja. Ni nyumba nzuri, ina sebule, ina vyumba, ina jiko linalopata jua la asubuhi. Kasoro yake ni moja tu: haina ukuta hata mmoja.

Kulikuwa na fundi wa milango katika mji wa milimani, mji kama huu wetu, ambako ukungu hushuka ukakaa mpaka watu wanamaliza chai. Jina lake sitalitaja, wala la mkewe, maana mfano si umbea. Ila walikuwa na binti aliyesoma shule ya bweni, na huyo tutamwita Sekela, ili wazazi wake wapate jina la kuitana.

Fundi huyu alikuwa na mkono mzuri. Ukifika nyumba ya mtu ukaona mlango unajifunga polepole bila kupiga kelele, ujue ni wa kwake. Aliwatengenezea wafanyabiashara, aliwatengenezea walimu, alimtengenezea hata mchungaji mmoja, na mchungaji akachelewa kumlipa, lakini hilo tuliache. Yeye mwenyewe aliishi vyumba viwili vya kupanga, vyenye mlango wa bati wa kusukumwa kwa bega. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Mkewe alishona sare za shule. Walichanga wote wawili, hiki cha milango na hiki cha sare, mpaka wakapata kiwanja juu ya mji, mahali penye nyasi ndefu na upepo. Fedha ikaishia hapo hapo kwenye kiwanja. Ya matofali haikuwepo. Sasa niambieni, mtu mwenye kiwanja asiye na tofali hufanya nini? Wewe na mimi tungesubiri. Fundi wetu hakusubiri. Alichukua mbao za mninga alizokuwa amezihifadhi miaka mingi, akachonga mlango, akatengeneza na fremu yake, akachimba mashimo mawili, akausimamisha katikati ya nyasi. Nyumba za watu wote huanza na msingi. Ya kwake ilianza na mlango. Majirani walikuja kuutazama. Mmoja aliufungua, akachungulia upande wa pili, akakuta nyasi zile zile.

Baada ya mlango wakachora nyumba yenyewe. Mume alishika kamba, mke akamwaga chokaa kufuata kamba, mpaka nyumba nzima ikalala chini, nyeupe juu ya kijani. Hapa sebule. Hapa jiko. Hapa chumba cha Sekela akirudi likizo. Na upande wa mashariki, chumba cha cherehani.

"Dirisha la hapa liwe kubwa kiasi gani?" mume aliuliza.

Mke alisimama ndani ya chumba kisichokuwepo, akanyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho. "Hivi," akasema.

Jumapili baada ya ibada walipanda na mkeka na chupa ya chai, wakaenda nyumbani kwao. Na nyumba ile ilikuwa na sheria. Hapana kupitia ukutani. Unaingia mlangoni, unafuata korido, unageuka. Mbuzi wa jirani ndiye pekee aliyevunja sheria hiyo, na mke alimfokea kweli kweli: "Wewe, umepitia ukutani." Ukungu ukishuka, wapendwa, mambo hubadilika. Ukungu ukishuka na kusimama juu ya mistari ile ya chokaa, ungeapa kwamba kuta zimeota. Mke alikaa upande wa mashariki, akasema anasikia mvua juu ya bati. Mume alisikiliza, na yeye akaisikia. Mvua haikuwa ikinyesha.

Mnacheka. Ni nani humu hana nyumba ya namna hiyo? Kuna aliyekuja leo na mtoto ambaye hajazaliwa, tayari amemchagulia shule. Kuna kijana pale nyuma ana harusi nzima kichwani, na bibi harusi mwenyewe hajaambiwa. Mungu hachukii nyumba za chokaa. Anachoangalia ni nani tumempa chumba ndani yake.

Sasa kabla hatujaenda nao benki kutafuta fedha ya kujenga, niwarudishe nyuma kidogo, maana kuna muujiza nimeuruka.

Miaka michache kabla ya kiwanja, fundi huyu alikopa akanunua mashine ya kuranda mbao. Mashine ikamjeruhi. Ilimkata mkono wa kulia, mishipa ikaguswa, na kwa miezi mingi hakuweza kushika hata msumari. Mwenye mkopo hajui mkono wako unauma. Kila mwezi rejesho linadaiwa, na asiyelipa hunyang'anywa mashine. Fundi alilala kitandani akitazama dari, akingoja wenye mkopo waje kuibeba. Hawakuja. Mwezi ukapita, hawakuja. Msimu ukapita, mashine iko pale pale karakana. Alipopata nafuu alikwenda ofisini kwao kuomba aongezewe muda. Karani akatazama daftari, akamwambia, "Mzee, wewe hudaiwi nyuma. Rejesho lako linaingia kila mwezi kwa njia ya simu." Fundi alitaka kuuliza linaingizwa na nani, kisha akaogopa. Muujiza ukiuhoji sana unaona kama utakimbia. Alitoka pale analia barabarani, mtu mzima.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akaomba kipaza sauti, akainua ule mkono wenye kovu. Akasema, "Ndugu zangu, Mungu amenilipia deni." Kanisa lote likapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkewe alikuwa kiti cha nne kutoka mbele, naye akapiga makofi.

Je, Mungu hajibu maombi? Semeni amina.

Sijasikia. Semeni amina.

Vizuri. Amina hiyo iwekeni mahali, nitaidai baadaye.

Haya, twende benki. Walisikia kwamba siku hizi benki inakupa fedha ya kujenga nyumba, unakaa ndani huku unalipa taratibu kwa miaka. Wakavaa nguo za ibada wakaenda. Waliomba wawili kwa pamoja, kwa sababu kipato cha mmoja hakikutosha nyumba yote ile. Wakaambiwa wasubiri taarifa zao zikaguliwe. Siku ya kuitwa kwa majibu, mke alikuwa ameenda shule fulani kupima watoto sare, kwa hiyo mume alikwenda peke yake. Alihudumiwa na dada mmoja mpole, mwenye heshima zake.

"Shikamoo, baba. Wewe taarifa zako ni safi," akamwambia. "Uliwahi kuwa na mkopo wa mashine, ukaumaliza bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Watu kama wewe ni wachache."

Fundi akanyoosha mgongo kwenye kiti.

"Ila mama ana tatizo," dada akaendelea. "Kuna mahali alikopa, akashindwa kulipa kwa wakati, na salio lipo mpaka leo. Jina lake limewekwa kwenye orodha ya wasiolipa. Mkiomba wawili, ombi lote litakataliwa."

"Hata kama mimi ni safi?"

"Hata kama. Nakushauri kwa nia njema, baba. Omba peke yako. Fedha itapungua, labda mpunguze chumba kimoja. Hati itatoka kwa jina lako. Mama atasaini tu kwamba hana pingamizi."

Msimlaumu dada yule. Alisema ukweli wa kazi yake, na kwa mahesabu ya kazi yake alikuwa sahihi. Laumuni kile kitu kilichotokea ndani ya kifua cha fundi njiani kurudi. Aliondoka benki akiwa ameumia, lakini kwa kila hatua alilikumbuka lile neno "safi," na lilikuwa tamu. Alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuwa mtu msafi aliyeoa mtu mchafu.

Mkewe alikuwa anakata kitambaa cha bluu. Mume hakukaa.

"Mama Sekela, ulikopa fedha?"

Mkasi ulisimama. "Nilikopa."

"Kiasi gani?" Akamtajia. "Kwa nani?" Akamwambia. "Mjini nani anajua?" Akasema hakuna. "Na mimi mumeo, kwa nini hukuniambia?"

Mke alikunja kile kitambaa, akakunjua, akakunja tena. "Nilikosa siku nzuri ya kusema," akajibu.

"Basi nitaomba peke yangu."

"Na chumba cha cherehani?"

"Hicho ndicho kitakachopungua."

Mke akasema, "Sawa, Baba Sekela." Akarudi kwenye kitambaa chake, na wiki ile ile mume akapeleka benki ombi la peke yake.

Wapendwa, mmesikia maswali yale? Mume aliuliza kiasi, akauliza mahali, akauliza nani anajua, akauliza kwa nini alifichwa. Lipo swali moja hakuliuliza. Sitawatajia sasa. Ila wewe unayekaa na mtu nyumbani kwako, jiulize mara ya mwisho ulipomkasirikia uliuliza yapi, ukaacha lipi.

Jumapili wakapanda kiwanjani kama kawaida. Mume alitangulia. Alifika akafuta kwa soli ya kiatu mistari ya chumba cha mashariki, akatandika mkeka sebuleni, akakaa. Mke akaja taratibu na chupa ya chai. Alipofika mlangoni alisimama.

"Hodi," akasema.

Mume akacheka. Alidhani ni mchezo. "Pita, mama."

"Hodi hapa."

"Nimesema pita. Karibu."

Mke akavua ndala, akaingia, akakaa pembeni mwa mkeka, miguu ameikunja, mikono mapajani. Mnamjua mgeni anavyokaa. Hakuenda jikoni kumimina chai. Mume akangoja, kisha akasema, "Chai je?"

"Mgeni haendi jikoni bila kuambiwa."

"Unanikejeli, Mama Sekela?"

"Hapana, Baba Sekela. Najizoeza. Siku nyumba ikisimama kweli, nisije nikajisahau nikaingia bila hodi."

Alisema kwa upole, hakuna pilipili ndani yake, na ndiyo maana ilimchoma. Mimi na ninyi tumekulia mila hii. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Hodi ni ya jirani, ni ya mgeni, ni ya mtu anayeomba kibali. Mtoto mdogo analijua hilo. Na mwanamke yule, ambaye nusu ya kiwanja ilitoka kwenye sindano yake, alikuwa ameelewa karatasi za benki kuliko mumewe. Mumewe aliona jina moja limeondolewa. Yeye aliona kwamba kuanzia sasa atakuwa mtu wa kukaribishwa.

Fundi alikasirika. Alimwachia mkewe mkeka, akaenda mpaka chumba cha kulala, kwa kufuata korido maana hata hasira haikumtoa kwenye ile sheria, akajilaza chali. Ukungu ukashuka. Akalala usingizi.

Akaota nyumba imesimama. Kuta ndefu, dari nyeupe, sakafu baridi chini ya nyayo. Akatembea ndani yake kwa furaha. Akafungua mlango, akaingia chumba kingine chenye mlango. Akaufungua, akakuta chumba kingine na mlango mwingine, na milango yote alikuwa anaitambua, maana ilikuwa ile aliyowachongea watu. Huu wa mwalimu. Huu wa muuza mchele. Akaenda, akaenda, nyumba haiishi. Ndipo akasikia kwa mbali sauti ya mwanamke.

Hodi.

Akaitika karibu. Sauti yake haikutoka nje ya nyumba. Akageuka kutafuta mlango wa mbele ili akamfungulie, mlango wa mninga, na kila aliofungua ulimwingiza ndani zaidi. Hodi, sauti ikaita tena, laini, haina haraka. Akafika mwisho wa nyumba, upande wa mashariki, akakuta ukuta mtupu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na cherehani inashona. Aliisikia waziwazi, inakimbia, inatulia, inakimbia. Akauweka ukutani mkono wake wa kulia, ule wenye kovu. Na kovu likaanza kuwa na joto, kama mkono ulioshikwa na mtu.

Akaamka. Ukungu ulikuwa bado upo. Alijikuta amefunikwa kanga ya mkewe. Mkewe hakuwa sebuleni. Alikuwa amemfunika, kisha akarudi akatoka kwa kupitia mlangoni, akakaa nje ya nyumba kwenye nyasi zenye umande, maana mwenyeji akilala mgeni hakai peke yake sebuleni. Fundi alimwona kupitia kwenye fremu, mabega yake hayana kanga.

Akaenda mpaka kizingitini, akachuchumaa. Na hapo, wapendwa, akaliuliza lile swali.

"Mama Sekela, ile fedha ulikopea nini?"

Mke aligeuka, akamtazama. Nadhani alikuwa ameshakata tamaa ya kuulizwa.

"Unaukumbuka muujiza wako?" akasema.

Nyamazeni kidogo. Msisemezane. Msikieni mama.

"Ulipokuwa umelala na mkono wako," akasema, "nilikuwa naenda kwa wakala wa simu kila mwezi na namba ya mkopo wako. Mwanzoni nililipa kwa fedha ya sare. Haikutosha, nikakopa kwa jina langu nilipe la kwako. Nilijua wakiibeba mashine ile hutainuka tena kitandani. Kisha shule moja ikachelewa kunilipa, la kwangu likanishinda. Nilipanga nikuambie Jumapili ile ile tukitoka ibadani. Ukashika kipaza sauti kabla yangu. Ulikuwa na furaha, Baba Sekela. Sikuwahi kukuona vile tangu uumie. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Ile amina yenu iko wapi?

Nilisema nitaidai. Mliitoa kwa sauti kubwa. Na mliitoa kwa haki, maana fundi hakudanganya. Mungu alimlipia deni. Ushuhuda wake haukuwa wa uongo, ulipungukiwa jina moja tu. Na mtu akishaachwa nje ya ushuhuda, kumwacha nje ya hati ni kazi ndogo sana. Jina la mume lilikuwa safi benki kwa sababu jina la mke lilichafuka. Ile sifa iliyomnyoosha mgongo kwenye kiti, watu kama wewe ni wachache, ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa anakata kitambaa cha bluu nyumbani.

Fundi hakusema samahani. Alisimama, akamvisha mkewe kanga, akamshika mkono, akamwingiza ndani ya nyumba. Kisha yeye mwenyewe akatoka. Akauvuta mlango wa mninga ukajifunga, polepole, bila kelele. Akasimama kwenye nyasi zile zile, mahali zilipolala kwa kukaliwa na mkewe.

Hakuna ukuta, kumbukeni. Mke alikuwa anamwona mzima mzima, kichwa mpaka miguu. Mbuzi angepita. Yeye hakupita.

"Hodi," akasema.

Mke hakuitika.

"Hodi hapa."

Alisimama muda gani? Sijui. Aliyewahi kumkosea mtu anayempenda anajua muda huo, na hajawahi kuupima kwa saa. Ukungu ulikuwa unapanda kidogo kidogo, mji ukaanza kuonekana chini, mabati yake na moshi wake. Hatimaye sauti ikatoka ndani.

"Nani?"

"Ni mimi. Ni yule uliyemlipia."

Mke akasema, "Karibu. Pita mpaka jikoni."

Kesho yake wakaenda benki wote wawili. Fundi alimwambia yule dada, "Ombi langu la peke yangu nirudishie. Tunaenda kwanza kulilipa deni la mama, mimi na yeye. Tutarudi na majina mawili." Dada akamwonya, "Itachukua muda mrefu, baba." Akajibu, "Mkono wangu nao ulichukua muda mrefu, na kuna mtu alinisubiri."

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Anasema moyoni, mpumbavu huyo, angechukua mkopo, angejenga, mambo ya majina wangeyamaliza ndani. Inawezekana, mzee wangu. Mwaka ule hawakujenga, ni kweli. Mvua zikaja zikaifuta nyumba yote ikabaki mlango. Walipoichora upya, mume ndiye aliyemwaga chokaa safari hii na mke akashika kamba, na walianza na chumba cha mashariki. Najua mnataka kuniuliza kama siku moja ilisimama, na kama dirisha lilikuwa kubwa vile. Mimi nawaambia waliingia nyumbani kwao Jumapili ile, wakati ukungu unapanda. Mengine ni matofali.

Sasa tuache fundi, tuje kwetu. Sisi tuliokaa humu na majina safi. Mimi naitwa mchungaji, wewe unaitwa mwalimu, yule anaitwa mzee wa kanisa, huyu hajawahi kudaiwa na mtu. Tunasimama, tunashika kipaza sauti, tunasema Mungu amenitendea, na kweli ametenda. Lakini Mungu alipita kwenye mkono wa nani? Dada yako aliacha shule darasa la saba ili wewe uende mbele, na leo unaona aibu kumtambulisha kwa wageni kwa sababu hajui kusoma barua ya Kiingereza. Kaka yako alichukua lawama ya nyumba nzima baba alipofariki, ndugu wakamchukia, wewe ukabaki mtoto mzuri. Mkeo amezeeka mikono, wewe umebaki kijana. Tunaita watu hao wenye matatizo. Tunashauriwa kwa nia njema tuwaweke pembeni ili mambo yetu yapite. Na mambo hupita kweli, hilo ndilo linalotisha.

Na juu ya hao wote yupo Mmoja ambaye alikubali kuhesabiwa pamoja na waovu, ili mimi na wewe tukienda kukaguliwa tuonekane hatudaiwi. Tumemchorea nyumba? Yumo ndani, au kila Jumapili anasimama nje anabisha na sisi tunacheka tukidhani ni mchezo?

Leo nawapa kazi ndogo. Tutakapotoka hapa, ukifika nyumbani kwako, kwenye mlango wako mwenyewe ambao ufunguo wake uko mfukoni, usiutoe ufunguo. Simama nje. Piga hodi. Watoto watakushangaa, waache washangae. Ukisikia sauti inauliza "Nani?", usijibu kwa cheo chako wala kwa jina lako safi. Sema ni yule uliyemlipia. Kisha tulia hapo hapo mlangoni, usubiri kuambiwa karibu.